Waraka wa Kuwarudisha Wazee

Jumatatu, 2 Juni

Baridi kali. Bomba la bafu la wanaume limepasuka tena. Gunia jipya la maharage limejaa wadudu. Sekela, muuguzi wetu, amewatoa akina bibi juani wayachambue. Wawili wanakohoa. Nimewapima, hawana homa.

Mzee Shabani amefungua duka kama kawaida. Akimaliza chai anaingia stoo ya mashuka, anasimama nyuma ya meza, anayakunja moja moja na kuyapanga. Sisi ndio wateja wake. Kumbukumbu imemwisha. Hajui mwaka, hajui rais ni nani, jina langu analisahau kabla ya chakula cha mchana. Duka analijua. Akishafungua anatulia kutwa nzima. Siku tuliyofunga stoo ili kupaka rangi, alilia mpaka jioni.

Mchana imeletwa barua. Wasimamizi wote wa vituo vya afya na makao ya wazee tufike Mbeya Alhamisi. Mada ni mabadiliko ya sera. Sijafurahi.

Alhamisi, 5 Juni. Mbeya

Ukumbi umejaa. Maji ya chupa, karanga, projekta iliyogoma nusu saa. Mambo yalikuwa mengi: bima, dawa, namna mpya ya kutoa taarifa. Makao ya wazee tumewekwa mwisho, watu wameshaanza kuangalia saa.

Waraka, kwa kifupi: makao ni ya wazee wasio na mtu kabisa. Mwenye mtoto aliye hai arudishwe kwa mtoto wake. Ukaguzi utafanyika mwezi Agosti.

Sipingi. Kuna watu wanatutupia wazazi getini na kuondoka. Mzee anatakiwa awe kwa watoto wake. Ningeulizwa mimi, ningesema hivyohivyo.

Lakini niliinua mkono. Niliuliza: na yule aliyepoteza kumbukumbu, asiyemtambua tena huyo mtoto, ambaye ukimhamisha kitanda tu anapotea, yeye tunamfanyaje?

Mtoa mada akasema, "Swali zuri sana, Meneja. Tumelichukua, litafanyiwa kazi."

Tukapiga picha ya pamoja.

Ijumaa, 6 Juni

Nimerudi Iringa na mafua. Nimewasomea wafanyakazi waraka. Sekela ameuliza swali moja tu: "Na Mzee Shabani?" Nimemwambia hana mtu. Ndivyo tulivyoamini siku zote. Waumini wa usharika walimtoa kwenye chumba cha kupanga hapa mjini, Mlandege, wakati huo amepooza upande mmoja, mwenye nyumba hajui ametokea wapi. Mwislamu peke yake kwenye makao ya Walutheri. Hakuna aliyewahi kuona tabu.

Jumanne, 10 Juni

Ana mtu.

Bwana Mgaya, afisa ustawi wa jamii, ameulizia msikiti kwa msikiti mpaka Mbeya na amempata binti. Anaitwa Zuhura, anakaa Ilomba, anashona kwa cherehani yake mtaa wa Soweto hukohuko. Mgaya amefurahi, na ana haki ya kufurahi. Ni kazi nzuri aliyoifanya.

Nimempigia simu mwenyewe. Nilipotaja jina la baba yake simu ilikaa kimya, nikadhani imekatika. Kumbe analia. Alikuwa darasa la tatu baba yake alipofilisika na kuondoka Mbeya. Baadaye wakaambiwa amefia Iringa. Wakamsomea dua.

Nilitegemea nitakuta mtoto asiyemtaka mzazi. Ningejua la kufanya. Huyu anamtaka.

Jumamosi, 14 Juni

Zuhura amekuja na basi la kwanza. Mwanamke mwembamba, baibui jeusi, sweta juu yake. Kabeba chupa ya chai na maandazi aliyokaanga mwenyewe. Nilimweleza hali ya baba yake kabla hajamwona. Aliitikia kwa kichwa tu. Nadhani hakunisikia.

Mzee alikuwa dukani. Zuhura akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Karibu. Unatafuta shuka la kitanda kikubwa au kidogo?"

Akamfunulia la bluu. Akamwonyesha upindo, akamwambia hili halichuji. Zuhura akalishika. Akasema hana hela leo. Mzee akacheka, akalikunja, akamwekea mikononi.

"Chukua tu. Wewe una uso wa watu. Utalipa ukipata."

Zuhura alitoka na shuka lile kifuani mpaka kwenye benchi la nje, akakaa, akalia bila sauti. Sekela alikaa naye. Mimi nilikwenda kutazama bomba la bafu ambalo lilishatengenezwa.

Kabla ya kuondoka aliniambia, "Atanizoea. Mimi ni damu yake."

Jumatatu, 16 Juni

Nimekwenda ofisini kwa Mgaya. Nimeomba Mzee Shabani abaki, au walau asubiri baridi ipite. Nimemweleza kitaalamu, nikamweleza na kibinadamu. Si mtu mbaya. Amenisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kaka, mtoto yupo, anamtaka, ana nyumba. Nikiandika abaki, naandika sababu gani? Waraka hauna hiyo sababu."

Ameniambia pia kwamba makao yatakayokutwa na wazee wenye watoto yanaweza kunyimwa kibali. Nina wazee wengine ambao kweli hawana mtu. Wakitufungia, wale wanakwenda wapi?

Nimesaini. Niliogopa, nikasaini. Saini ilitoka nzuri kabisa, na hilo ndilo linalonikera.

Jumatano, 18 Juni. Mbeya

Tumempeleka. Mimi, Sekela, dereva. Mzee alifurahia safari mpaka Makambako, kisha akaanza kuuliza nani amebaki dukani. Nikasema Sekela. Akamtazama Sekela aliyekaa pembeni yake, akanitazama mimi. Nilijisikia mwongo mbele ya mtoto mdogo.

Nyumba ya Zuhura ni vyumba viwili, safi. Amempa baba yake chumba cha mbele, yeye na wanawe wamehamia cha nyuma. Kitanda kipya, blanketi zito. Kuku amechinjwa. Majirani wamejaa kumwona mfu aliyefufuka. Wanamshika mikono wote kwa pamoja, kila mmoja anamwambia, "Unanikumbuka?" Mzee anaitikia, "Ndiyo, ndiyo," macho yanatafuta mlango.

Tulipoaga alichukua kofia yake akasimama. Alijua tunakwenda nyumbani. Zuhura akamshika mkono taratibu. "Baba, hapa ndipo nyumbani." Mzee akaniangalia mimi.

Njia nzima Sekela alitazama dirishani.

Jumapili, 22 Juni

Ibada. Mahubiri yalihusu kuwaheshimu wazazi. Nilitoka kabla ya sadaka.

Stoo imefungwa. Bibi mmoja kauliza duka litafunguliwa lini.

Alhamisi, 26 Juni

Zuhura amepiga simu. Anaongea polepole, kama mtu asiyelala. Baba hali chakula vizuri. Kila alfajiri anaamka, anavaa kofia, anataka kutoka. Ukimzuia anapiga kelele, majirani wanadhani anateswa. Sasa Zuhura anafunga mlango kwa kufuli na ufunguo anauvaa shingoni. Ameniuliza kama kuna dawa.

Nikamwambia ampe mashuka. Amesema alishampa, hata vitambaa vya wateja alimletea. Anavitazama tu. Anasema hapa si dukani kwake.

Nimempigia Mgaya nikimwomba tumrudishe mzee. Ameniambia niandike barua. Nimeiandika. Ameniambia itapelekwa juu.

Jumanne, 1 Julai

Amepotea.

Mwanawe Zuhura alitoka kwenda shule, kufuli halikufungwa vizuri nyuma yake. Zuhura alikuwa uani anawasha jiko la mkaa. Aliporudi ndani na uji, kitanda kitupu. Wamezunguka Ilomba yote. Msikitini wametangaza kwa kipaza sauti. Taarifa imeandikishwa polisi.

Nimeomba gari la usharika. Natoka sasa hivi. Sekela ameshakaa kwenye gari bila kuulizwa.

Jumatano, 2 Julai. Mbeya

Tumetafuta Soweto, Mwanjelwa, stendi, hospitali zote. Tumekwenda mpaka chumba cha maiti, ahsante Mungu hayumo. Vijana wa bodaboda wamesambaza picha kwenye simu zao. Kila mtu amemwona, kila mtu mahali tofauti.

Zuhura anatembea na viatu visivyofanana. Nilipomwonyesha alivitazama kama vya mtu mwingine, akaendelea. Hanilaumu. Ningependa anilaumu.

Asubuhi kulikuwa na sakitu, umande ulioganda, kwenye majani. Mzee ametoka na shati na kofia tu.

Alhamisi, 3 Julai. Mbeya

Kapatikana. Yu hai.

Alikuwa Inyala, mbali kupita Uyole, kwenye shamba la viazi kando ya lami. Akina mama waliokuwa wanavuna walimkuta amelala chini ya turubai la magunia. Walimpa chai, wakamfunika vitenge, wakasimamisha gari. Namna alivyofika kule na miguu ile hakuna anayejua. Labda alipewa lifti, labda alitembea.

Mmoja wa akina mama alituambia alimuuliza, "Baba, unakwenda wapi?" Akamjibu, "Iringa. Nimechelewa kufungua."

Alikuwa anafuata njia sahihi kabisa. Mtu asiyejua mwaka.

Hospitali wamesema homa ya mapafu, yote mawili. Wamemwekea oksijeni. Najua kusoma faili. Nimelisoma, nikalirudisha.

Ijumaa, 4 Julai. Mbeya

Zuhura na mimi tumekaa upande huu na upande huu wa kitanda. Mchana alifumbua macho. Alimwangalia Zuhura kwa muda mrefu. Zuhura akamwinamia, akamwambia, "Ni mimi, baba, Zuhura." Mzee akamshika kidole kimoja, akalala tena.

Zuhura anaamini alimtambua. Mimi sijui. Nimemwambia ndiyo, amekutambua.

Jumamosi, 5 Julai. Mbeya

Amefariki asubuhi. Amezikwa baada ya sala ya alasiri. Nilisimama nyuma ya wanaume wa msikitini, sijui maneno, nimekunja mikono. Kijana mmoja akanipa koleo nami nitie udongo. Nikatia.



Jumatatu, 7 Julai

Sikukuu ya Sabasaba. Redio ya jirani iko juu sana. Sekela amerudi kazini ingawa nilimpa ruhusa apumzike. Amefagia stoo, akafungua dirisha, akaliacha wazi.

Mke wangu anasema nimekuwa nagombana na sahani.

Jumatano, 9 Julai

Mgaya alikuja. Alikaa ofisini kwangu na koti lake, hakunywa chai. Alisema, "Nilidhani namrudishia binti baba yake." Nikamwambia nami nilidhani hivyo, siku moja moja. Alipeana mikono na kila mzee uani kabla ya kuondoka. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

Nilitaka kumchukia. Ingekuwa rahisi.

Jumanne, 22 Julai

Umekuja waraka mwingine. Ufafanuzi wa ule wa kwanza. Kipengele kimoja kinasema mzee aliyepoteza kumbukumbu asihamishwe mpaka apimwe na daktari, na endapo kumhamisha kutamdhuru, atabaki kwenye makao hata kama ana watoto. Lugha nzuri. Imeandikwa vizuri kuliko nilivyouliza.

Kwa hiyo walilichukua kweli lile swali. Lilifanyiwa kazi. Kuna mtu huko, simjui, alikaa akalifikiria akaliandika. Siwezi hata kusema hawakunisikiliza.

Nimefunga mlango wa ofisi nikalia kama mtoto. Kisha nikanawa uso, nikaenda kuwasomea wafanyakazi. Sekela alitoka nje katikati.

Ijumaa, 25 Julai

Tuna bibi mwingine aliyeanza kusahau. Ana mtoto wa kiume Njombe. Daktari amekuja kumpima leo. Anabaki. Nimesaini hilo nalo. Saini ilienda kombo, barua ikabidi ichapwe upya.

Jumamosi, 2 Agosti

Zuhura amekuja. Hakupiga simu kabla. Nilimkuta getini, nikadhani amekuja kunitukana, nikawa tayari.

Alisema anataka kuona mahali baba yake alipokuwa anakwenda.

Sekela akamzungusha. Hapa ndipo alipokaa kuota jua. Hapa ndipo alipotia udhu, tulimwekea kopo lake. Huyu bibi ndiye waliyekuwa wanabishana naye kuhusu chumvi. Zuhura alikuwa anaitikia kila kitu kwa sauti ndogo, mhm, mhm. Kitanda chake kina mtu mwingine sasa, mzee kutoka Kilolo. Akamwamkia.

Baadaye tulikaa wote watatu jikoni. Baridi imeanza kupungua. Aliniuliza kitu kimoja tu: kama baba yake alikuwa anacheka hapa.

Nikamwambia ndiyo. Alikuwa anacheka kila siku.

Akashusha pumzi, akamalizia chai yake. Akina bibi walikuwa wanamenya viazi vya jioni, akavuta kigoda akachukua kisu. Akamenya nao mpaka muda wa basi.