Maziwa ya Karakana

Edmonton, Landani
Machi, 1974

Kwako ndugu yangu Naftali,

Pokea salamu za kalasinga wako, ambaye mpaka leo hajajifunza kuvaa soksi za kutosha. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama mzima, na yule ng'ombe wake wa pembe moja mzima pia. Mimi sina neno. Baridi imeanza kulegea, ingawa chai bado tunainywa tukiwa na makoti. Mama yangu anakusalimu. Anasema akikukumbuka huona tu mtoto anayemaliza chapati bila kunawa mikono.

Barua yako niliipata. Ile sehemu unaposema karakana imekukubali, na kwamba baada ya Pasaka utaanza kuvika maboila pamoja na baba yako, Mzee Titus, nimeirudia mpaka nimeikariri. Najua kazi ilivyo adimu hapo Kisumu, na vigelegele vya mama nimevisikia hadi huku. Ndiyo maana kalamu imekuwa nzito. Nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujampa mtu mwingine.

Uliniuliza nasoma nini hasa. Somo langu kubwa ni kemia, hilo unalijua. Lakini chuo chetu kinataka kila mmoja awe na somo la pili, dogo, la kusindikiza lile kubwa. Mimi nilichagua afya ya umma kwa uvivu tu. Waliotangulia walisema halina maabara, na mwalimu wake, Bi Margaret, ni mama mpole asiyefelisha watu. Basi nikaingia. Tukasoma vyoo, tukasoma visima, tukasoma kipindupindu, nami nikawa najitapa mbele ya Waingereza kwamba wao wameyaona kwenye picha, mimi nimeyaona kwa macho.

Mwezi wa Novemba tukafika kwenye maradhi ya kazini. Bi Margaret akasema wenye viwanda wengi huwapa wafanyakazi kitu cha kuwatuliza badala ya kuwakinga, akauliza nani ana mfano. Nikanyoosha mkono, nia yangu ikiwa kuitetea Kisumu. Nikasema kwetu si hivyo, kwetu baba yangu alifanya kazi karakana ambayo kila mtu wa vumbi hupewa chupa ya maziwa kila jioni, bure, ya kuosha kifua. Wenzangu wakacheka kidogo. Bi Margaret hakucheka. Aliniuliza, taratibu, lilikuwa vumbi la nini. Nikamweleza ile pamba nyeupe inayokorogwa na maji na kupakwa kwenye boila lisipoteze moto. Akaniuliza kama baba yangu yu hai. Nikamjibu yu hai, ila anakohoa.

Naftali, kitu kile kinaitwa asbestosi. Ni jiwe, si pamba. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Linakaa humo miaka na miaka, mtu anacheka, anaozesha mabinti zake, halafu siku moja pumzi inaanza kumpungukia. Maziwa yanakwenda tumboni, njia ya mapafuni hayaijui. Mimi na wewe tulichora mwili wa binadamu darasani, tukapewa alama nzuri, na bado tuliamini. Tena unakumbuka tulivyokuwa tukiokota nyuzi zake kwenye ovaroli za Baba na kujibandika kidevuni, eti na wewe uwe na ndevu za kalasinga? Siku hizi nikikumbuka hilo najishika kifua.

Wakati ule Baba alikuwa akitibiwa kifua kikuu. Madaktari walimuuliza kazi yake, naye akawajibu kweli tupu kwamba anabeba mizigo kwenye ghala hapa Edmonton. Hakuna aliyemuuliza alifanya nini kabla ya kuja, naye hakuona sababu ya kuwasimulia. Nilitoka darasani nikapanda basi moja kwa moja mpaka kwa daktari, nikamweleza. Aliandika, kisha akaniambia dawa hakuna. Hakunikosea lolote yule mtu, lakini nilimchukia.

Sasa nikwambie lililo zito zaidi. Baba amefariki. Amefariki Jumanne iliyopita, ameketi kitandani, maana kulala kulimnyima pumzi. Tumemchoma kwa desturi yetu, katika nyumba ya huku ya kuchomea maiti, yenye bomba la moshi, na mimi mwanawe nilibonyeza kitufe cha tanuri. Nililia mpaka wazee wa gurudwara, hekalu letu, wakanishika mikono.

Siku chache kabla ya hapo aliniita karibu akaniambia siri. Alisema miaka yote ile hakuwahi kunywa maziwa yake. Aliyaficha ndani ya ovaroli akayaleta nyumbani, akatuambia ni ya kununua. Yale tuliyokuwa tukiyagombania mimi na wewe kwenye ngazi ya nyuma, Naftali, ndiyo hayo. Akasema basi amejiponza mwenyewe, lakini hajuti, kwa kuwa watoto walikua. Mzee Titus aliyanywa yake yote, alisema, na ndiyo maana yeye ni mzima. Alifurahi sana kwamba tulipoondoka Kisumu kwa kunyimwa vibali vya kazi, ni yeye aliyemwombea rafiki yake huyo nafasi ya unyapara. Kisha akaniagiza nikuandikie kwamba Titus asikose maziwa yake hata siku moja, na wewe ukianza kazi, vivyo hivyo.

Nami niliyejua, na somo langu la kusindikiza, nilimjibu kwamba nitaandika. Sikumwambia kuwa maziwa hayafai kitu. Nilimwacha aende akiamini alitupa kinga yake. Mpaka sasa sijui kama nilifanya vyema.

Basi agizo lake nimelifikisha. Langu ni hili: usiingie mle. Mwondoe na Mzee, hata kama itabidi mgombane. Mpeleke hospitali apigwe picha ya kifua, na uwatajie asbestosi kwa jina, maana wasipoambiwa hawataiuliza. Mama asikung'ute tena zile ovaroli. Utaniuliza mtakula nini. Naona haya, ndugu yangu, kukukataza kazi nikiwa mbali namna hii. Nikasirikie ukitaka, lakini usiingie.

Mzee Titus mwambie rafiki yake alimtaja hadi mwisho. Habari ya maziwa, wewe ndiwe utakayeamua umwambie nini, kama nilivyoamua mimi kwa wangu. Msalimie mama, na wote wanaoniulizia hapo mtaani.

Mama yangu, mkung'utaji wa ovaroli za nyumbani kwetu, ameanza kukohoa. Mwenyewe anasema ni baridi tu. Kila jioni ananiomba maziwa ya moto, nami namchemshia.

Ni mimi ndugu yako,
Harjit