Yako Niliipima Mwisho

Kasulu, 3 Juni 2024

Shikamoo kaka Reverien,

Mimi mzima, ila vumbi la huku limenipa kikohozi. Mama na goti lake anaendeleaje?

Majibu yako nimeyaona. Ushirika wa kahawa Kakonko wamekupa mashine pepe tatu, zile programu zinazoendesha programu nyingine ndani yake, uzipime kasi, wachague moja ya kuendeshea programu ya mizani kwenye simu zao kuukuu. Mbili za watu wa Dar, moja yangu. Majaribio yale yale, kompyuta ile ile, na yangu imeburuta mkia kila mara. Hapa kwangu inakimbia vizuri tu. Miaka miwili naijenga, kaka. Umekunywa chai ya nani?

Mdogo wako, Nadine

Kibondo, 6 Juni

Marahaba mdogo wangu,

Pole na kikohozi. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, jua likitoka anakwenda shamba.

Chai ya mtu sijanywa. Nilianza na za wageni, nikamalizia na yako, kila mara hivyo hivyo. Kama imechelewa, imechelewa.

Kaka yako, Reverien

Kasulu, 7 Juni

Kaka,

Salamu tuziache kwanza. Yangu mwisho kila mara, tena kwa umeme wa sola? Betri ikipungua kompyuta inajipunguzia kasi. Hilo fundi kama wewe hulijui? Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Sikusemi pembeni: leo nimewaandikia ushirika kwamba umepika majibu, wasipokee chochote kutoka kwako.

Nadine

Kibondo, 15 Juni

Nadine,

Huku hatujambo. Mama anauliza kama kikohozi kimepona.

La betri sikulifikiria, hapo nilikosea. Yako niliiweka mwisho kwa sababu ndivyo tulivyolelewa: wageni wanapakuliwa kwanza, mtoto wa nyumbani anasubiri. Baada ya barua yako nilihamia dukani kwa Abdulrahmani, penye umeme wa uhakika, nikapima upya nikibadilisha zamu. Yako imeziacha zote mbili mbali.

Majibu nikayapeleka Kakonko mwenyewe. Katibu hakuyafungua. Alinionyesha barua yako, akasema hawapokei vipimo vya mtu ambaye ndugu yake wa damu amemwita mwongo. Wamechukua moja ya zile za Dar.

Nimeumia, kwa ajili yako na kwa ajili yangu.

Mama anasema uje Jumapili, kuna ugali wa muhogo na maharage. Njoo. Utapakuliwa kwanza.

Reverien