Motere ya Papa Inasaga Bunga kule Beni

Mama Solange mupendwa, miye ni Berthe wa hapa Butembo, ninasikilizaka émission yako ya radio kila juma, na leo ninaomba unisaidie mbele bwana yangu hajafanya kitu chenye tutajutia.

Papa yangu, muzee Sikuli, alikuwaka na pikipiki nyekundu ya kubebea maharagwe toka Kipese, na vita ilipoingia mu 1996 basoda ya jeshi balikuwa bananyanganya batu pikipiki barabarani, donc papa akaifungua yote, boulon kwa boulon, akagawanya vipande kwa barafiki: shasi na tanki Kipese, magurudumu Kirumba, motere Beni kwa rafiki yake mutransporteur wa malori. Akasema, "Mwizi akipata kipande, hajapata pikipiki." Papa alikufa na malaria mbele ya kuirudisha pamoja.

Mwaka huu hamu ikanishika, hata siwezi kueleza vizuri, nilitaka kujua ile kitu inajengwa namna gani, mafuta inapita wapi, sababu gani inalia, nikaleta shasi, nikaleta magurudumu, nikapanguza kutu na mafuta ya taa, nikaanza kufunga polepole mu salon, majirani bakipita banacheka, bwana yangu Delphin naye akacheka, kisha akaacha kucheka, akaanza kunishikia clé za boulon na kuuliza maswali. Ikasimama kama ng'ombe yenye haina tumbo, tundu tu pale katikati, fasi ya motere.

Donc nikashuka Beni. Yule rafiki ya papa alishakufa pia, nikakuta mujane wake, Mama Hadjara, ye na bashemeji bake benye bangali banaendesha malori, na mbele ya nyumba musururu wa bamama na muhogo mukavu, banangoja mashini ya kusaga, na yenye ilikuwa inazungusha ile mashini ni motere ya papa! Niliitambua na herufi S yenye alichonga pembeni. Nikashindwa kusema jina yangu, nikauliza tu kama mupita njia, "Mama, hii motere mulitoa wapi?"

"Ni ya muzee moja wa Butembo," akajibu. "Motere ya mashini yetu basoda baliibeba, batoto bakaanza kulala njaa, fundi akatufungia hii. Siku muzee atarudi, nitamurudishia na kumuomba musamaha. Ninamungojea."

Nikatia mukono juu yake, inatetemeka, mara ya kwanza ninaiona na uhai, nikasikia furaha na wivu pamoja. Hadjara akanipa chai, akauliza niko mutoto wa nani, nikajibu, "Niko wa Butembo tu." Nikarudi.

Sasa Delphin anasema anajua kamanda moja kule Beni, atatuma basoda babili baifungue, mambo kwisha. "Ni kitu ya baba yako, unaogopa nini?" Si mutu mubaya, Mama Solange, sasa anaipenda ile pikipiki kunipita. Mais nikifikiri bale bamama na muhogo yao, usingizi inakatika, na nikiangalia ile tundu, inakatika tena. Nifanye nini?

Berthe, Butembo

*

Berthe, mwanangu,

Nimesoma barua yako mara mbili. Nimecheka na ng'ombe yako bila tumbo, kisha nimekasirika.

Tuanze na Delphin, sababu ile haingoji. Papa yako alifungua pikipiki yake yote ili basoda basiiguse, na leo bwana yako anataka kutuma basoda kwa mama mujane, kwa jina ya ule muzee! Umuambie leo, mbele ya kula: hapana. Unafikiri basoda bakishika motere nzuri bataileta kwenu? Hadjara ataipoteza, weye utaipoteza, na kamanda atakuwa amejua njia ya nyumba yenu.

Sasa weye. Hamu yako haina ubaya. Mwanamuke kutaka kujua motere inatembea namna gani, hakuna zambi mule, baache bacheke. Mais ulikunywa chai ya mutu, akakuuliza weye mutoto wa nani, ukajificha. Kwa nini? Uliogopa atakunyima, ao uliogopa atakupa? Miye ninaona yote mbili.

Rudi Beni, na Delphin kama amemuacha kamanda wake. Kama bado, wende na tantine, shangazi yako. Sema jina yako mulangoni. Motere ni yenu, Hadjara mwenyewe anakubali, hakuna kesi. Mais usiibebe ile siku. Bashemeji bake ni batu ya malori, banafikaka Kasindi, kule mupakani, na mbali zaidi. Bamutafutie motere ya kweli ya mulin, ya mashini ya kusaga, na siku itafungwa na kusaga vizuri, ndiyo ile yako itapanda Butembo. Hadjara naye atapata faida: motere ya pikipiki ilitengenezwa kwa kutembea na kupigwa na upepo, kusimama fasi moja mchana muzima itaiunguza. Wakati munangoja, muombe fundi wake akufungulie uangalie ndani. Utajifunza kuliko mu salon.

Lakini mbele ya ile yote, keti chini, mushike Hadjara mukono. Ule mama anangojea muzee Sikuli arudi, amusamehe. Hakuna mutu amemuambia kwamba alikufa. Umuambie weye, na umuambie kwamba hakuna deni ya musamaha katikati yenu. Halafu umuache alie mupaka amalize.