Mama Mbele ya Kamera

3 Machi

Mwanangu Kidomo,

Salamu tele. Sisi huku wazima, hofu ni kwako na baridi ya huko. Kamera uliyotuma imefika salama. Nimeichongea miguu mitatu kwa mabaki ya mbao za karakana. Mafunzo yako ya chuo cha filamu nimeyasoma, nikamweka mama yako dirishani na cherehani yake, mwanga ubavuni kama ulivyosema. Anacheka tu. "Tangu unioe hujanitazama hivi, seremala!"

Kadi ya kamera imo humu bahashani. Sahihisha, mwalimu.

Baba yako

20 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo. Nimecheka hadi machozi: Mama umemkata kichwa, tumbo ndilo limetoka zima! Rudi nyuma kidogo. Na ukimwuliza swali, nyamaza, unamjibia mwenyewe. Filamu hii ni yetu sote watatu, mwache naye aseme.

Halafu Baba, pale anapoinuka nimemsikia anahema. Ni joto, au kuna jambo?

Mwanao, Kidomo

11 Julai

Mwanangu,

Pole. Siku ya mazishi ya mama yako ulipopiga simu, nilikata haraka nikarudi kwa waombolezaji. Aliujua ugonjwa wake tangu Februari. Alinikataza: "Mwache mtoto amalize mitihani." Ndiyo maana swali lako sikulijibu.

Nilimrekodi kila alipopata nguvu. Siku ile ya mwisho nilisimamisha kamera kando ya kitanda. Akasema, "Baba Kidomo, zima hicho kidude uje unishike." Nikazima. Kwa hiyo siku hiyo haimo, mwanangu. Usinilaumu.

Kadi zote nakutumia.

Baba yako

2 Septemba

Shikamoo Baba,

Nimechelewa kukujulia hali. Nilikasirika. Nilisema moyoni, mmenifanya mgeni kwa mama yangu mzazi. Barua yako niliiweka, kadi sikuzigusa.

Juzi nimezitazama zote. Kuna mahali Mama anatunga uzi, uzi unakataa kupita tundu la sindano, anautukana matusi ambayo sikujua anayajua. Nikacheka, kisha nikashindwa kuacha kulia.

Chuoni wanatufundisha kwamba filamu ni kujua pa kukata. Nimeshinda mbele ya kompyuta, sijakata hata pumzi moja. Peke yangu siwezi, Baba. Tulianza pamoja, tukae tumalize pamoja.

Nafika Jumamosi. Usije kituoni na kamera. Njoo mikono mitupu.

Mwanao