Kivuli cha Spana

Dada mpenzi,

Huku hatujambo. Magoti ya mama yana nafuu, na mlango wako wa jikoni nimeutengeneza, haulii tena.

Umeniuliza kuhusu kuacha ufundi nikasomee urubani wa jeshi. Nimefaulu usaili. Mama amewatangazia majirani mpaka naona haya kupita mtaani. Nawe umeandika, "Chukua, mdogo wangu, uvae kofia ya shemeji yako."

Dada, karakanani kila kifaa kimechorewa kivuli chake ubaoni, na ndege hairuki mpaka vivuli vyote vijae. Asubuhi ile ya ajali kivuli cha spana ndogo kilikuwa kitupu. Nikadhani mwenzangu kaiazima, nikatia sahihi ndege iruke. Shemeji akanitania, "Fundi, leo umenuna kama mama mkwe," akapanda.

Spana haikuonekana tena. Najua niliiacha ndani ya injini. Ripoti ikasema rubani alikosea, nami nikanyamaza, ukamzika mumeo pamoja na jina lake.

Fomu ya urubani nimeirudisha tupu. Kesho nakwenda kwa mkuu wa kikosi kusema kweli, ila nilitaka uisikie kwangu kwanza.

Spana nyingine ililetwa wiki ileile. Ubao umejaa.

Mdogo wako, kama bado utaniita hivyo.