Nyota Zilizotangulia Chuma

Kakuma, Jumanne

Dada Esta,

Mimi ni mzima, ingawa jana jioni nusura usipate kadi hii. Lori letu lilikwama katikati ya mto Tarach, ambao ulikuwa mchanga mtupu, likiwa na kasha la vioo vya picha za nyota, kazi yetu ya mwezi mzima. Profesa aliamuru tuchimbe kulikwamua, maana mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu. Mama mmoja Mturkana aliyekuwa akinywesha mbuzi kisimani akakataa.

"Mvua ilipiga kule mlimani. Angalia mbuzi, imekimbia. Nyinyi toka."

Nilishika kasha upande mmoja, nikimwambia limebeba nyota, naye akashika wa pili.

"Nyota gani nzito hivi?"

Nikamweleza nikihema kwamba ni ndogo na hafifu, zilizaliwa kabla nyota nyingine hazijapika chuma cha kutosha, na sasa zinapita kwetu mbio kutoka mbali.

"Kabla ya mkuki? Basi hiyo ni wazee. Usiangushe."

Tulipokanyaga ukingo, maji mekundu yalifika madirishani mwa lori. Profesa aliponea chupuchupu, bila viatu. Vioo vyote ni vizima.

Nimempa mama yule sweta ulilonifumia. Alicheka, akalikunja likawa ngata ya kubebea maji kichwani. Usininunie, dada. Nawabusu watoto.

Mdogo wako,
Yusto