Kidonda Ulichonificha

Shangazi,

Ilinipasa nianze na shikamoo, lakini hasira imenitangulia. Arubaini yako imepita, na bado nikikukumbuka nakunja ngumi.

Tongoni nzima ilikuletea vidonda: mvuvi aliyechomwa na mwiba wa taa, manamba aliyejikata panga kwenye shamba la mkonge, mzazi aliyevimba ziwa. Ulichemsha majani ya mwarobaini ukaosha, ukapasua jani la mshubiri ukapaka utomvu wake, na penye uvimbe ukabandika manjano. Mimi nilishika bakuli, nawe ukinifokea, "Nusa, Zuhura! Kidonda husema kabla ya mgonjwa."

Nilinusa, Shangazi. Nilinusa chako siku ile tunatwanga mpunga, nikadhani panya kafia uvunguni. Kumbe ni wewe! Umekanyaga chaza ufukoni, ukaufunika mguu kwa kanga, wagonjwa wakija unakaa umeukunja. Nilipoivuta ile kanga, mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, ngozi inang'aa. Nikakusihi twende hospitali mjini. Ukasema nini?

"Wakiniona kwa daktari, nani atanijia tena?"

Basi ulikufa kwa ajili ya hilo! Hata kukuosha hicho kidonda hukuniruhusu, mimi uliyenifundisha kuosha. Ulipoanza kuweweseka kwa homa ndipo Baba alipokubeba hadi kwenye lori. Mjini hatukufika.

Matangani wakanong'ona, "Mganga hajigangi." Nikasimama mbele ya watu wazima nikasema, "Dawa zake msizitie kasoro. Hakuzitumia zikashindwa. Alijificha!" Mama akanivuta ndani. Sijutii.

Sasa wanabisha hodi kwangu. Juzijuzi alikuja manamba kutoka Pongwe, mwiba wa mkonge umemwingia mguuni. Nikamwosha, nikanusa, nikaona mstari mwekundu umepanda hadi pajani. Nikamwambia, "Kaka, hili majani hayaliwezi. Nenda hospitali leo hii."

Jirani yetu Bi Mwanahawa akacheka. "Shangazi yako hakuwahi kumfukuza mgonjwa."

"Ndiyo maana tumemzika," nikamjibu, nikaenda kumtafutia yule mtu nafasi kwenye lori.

Jana amerudi, anachechemea, yu hai, na mkungu wa ndizi begani. Nikaupokea, nikaingia ndani nikalia kwa ghadhabu. Na wewe ungerudi hivyohivyo, Shangazi. Ungerudi unachechemea, ukanifokea kwa kuunguza majani ya mwarobaini, na wagonjwa wangekuwa palepale mlangoni wanakungoja.

Mola akurehemu, akupanulie kaburi. Kila Ijumaa nitakusomea Yasini. Msamaha bado sijakupa. Nakutafutia, lakini haujafika moyoni. Mishubiri yako nitaipalilia, wenye vidonda nitawapokea, na kitakachonishinda nitakitaja mbele ya watu bila haya.

Na nikiugua mimi, nitasema.

Buriani, Shangazi.

Mwanao wa kulea,
Zuhura